Namna ya Kuandaa Soda ya Sherbeti kwa Wageni

Soda ya sherbeti ni kinywaji cha vitu viwili tu: madonge ya sherbeti iliyogandishwa na soda baridi inayomiminwa juu yake. Urahisi huo ndio unaowaponza wenyeji wengi, kwa kuwa humfanya mtu adhani kwamba hakuna la kupanga, hadi pale wageni wanapofika na kukuta sherbeti ngumu isiyochoteka, soda ya vuguvugu na povu linalomwagika mezani huku glasi zikiwa nusu tupu. Kinywaji hiki hakina subira. Katika dakika mbili za kwanza povu huwa refu, sherbeti bado ni imara na gesi ingali inawasha ulimi. Baada ya dakika kumi kilichobaki ni maziwa matamu yaliyopoa. Kwa sababu hiyo, kazi yote ya mwenyeji inapaswa kufanywa mapema, ila moja: soda haimiminwi kabla mnywaji hajawa tayari kupokea glasi yake.

Sherbeti inayozungumziwa hapa ni ile inayoliwa kwa kijiko, iliyotengenezwa kwa juisi ya matunda, sukari na maziwa kiasi kidogo. Inakaa katikati ya aiskrimu, ambayo ina mafuta mengi ya maziwa, na sobeti, ambayo haina maziwa kabisa. Kanuni za chakula za Marekani, kwa mfano, zinataka sherbeti iwe na mafuta ya maziwa kati ya asilimia 1 na 2, ilhali aiskrimu haipaswi kuwa na chini ya asilimia 10. Aiskrimu ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye glasi ya soda; Robert Green, aliyekuwa akiuza soda katika maonyesho ya Franklin Institute mjini Philadelphia mwaka 1874, alidai kuwa yeye ndiye aliyebuni mchanganyiko huo, ingawa wapo wengine waliodai vivyo hivyo. Kwa maoni yangu sherbeti inafaa zaidi pale ambapo kinywaji kinatolewa mchana wa joto au baada ya chakula kizito, kwa sababu haiachi utando wa mafuta mdomoni na ladha ya tunda husikika wazi hata baada ya kuchanganyika na soda.

Povu linatoka wapi

Anayeelewa jinsi povu linavyotokea hatahitaji kukariri maelekezo mengi, kwa hiyo inafaa kukaa kidogo kwenye jambo hili. Soda hutengenezwa kwa kuilazimisha gesi ya kaboni dayoksaidi iyeyuke ndani ya maji kwa shinikizo. Chupa inapofunguliwa, shinikizo hushuka na gesi huanza kutafuta njia ya kutoka. Hata hivyo, kiputo hakijiumbi kwa urahisi katikati ya kimiminika kilichotulia. Kinahitaji mahali pa kuanzia, kama vile mkwaruzo kwenye glasi, unyuzi uliobaki kutoka kwenye kitambaa cha kukaushia, au punje ya barafu. Uso wa donge la sherbeti umejaa mahali pa namna hiyo, kwa kuwa umeundwa na chembe ndogo sana za barafu na vifuko vya hewa vilivyonaswa wakati wa kugandisha. Ndiyo maana soda iliyokuwa imetulia kwenye glasi hulipuka mara tu inapoguswa na donge.

Lakini kutoka kwa gesi peke yake hakutoshi kuleta povu linalodumu. Katika soda tupu viputo hupasuka vinapofika juu. Vinapopita kwenye sherbeti inayoanza kuyeyuka, huvikwa utando mwembamba wa protini za maziwa, pamoja na viungo vya kushikamanisha ambavyo viwanda vingi huongeza kwenye sherbeti ya madukani, na utando huo ndio unaovizuia visipasuke haraka. Ukitazama kwa makini pale donge linapokutana na soda, utaona ganda jeupe lenye matundu matundu likijijenga juu yake. Ni maji ya sherbeti yaliyojaa gesi na kugandishwa upya na baridi ya donge lenyewe. Wanywaji wengi hulitafuta ganda hilo kwa kijiko kabla ya kugusa kitu kingine, na hawakosei.

Mambo matatu yanafuata kutokana na maelezo hayo. La kwanza ni baridi ya soda. Maji yaliyo karibu na nyuzijoto 0 za Selsiasi yanaweza kushika takriban mara mbili ya kaboni dayoksaidi inayoshikwa na maji ya nyuzijoto 20, chini ya shinikizo lile lile. Soda ya joto la chumbani itatoa gesi yake yote kwa mkupuo, itafurika, kisha itabaki maji ya sukari. Soda iliyolala kwenye friji usiku kucha, katika nyuzijoto 3 au 4 hivi, hutoa gesi polepole na kubakiza nyingine ya kunywa. La pili ni usafi wa glasi. Mabaki ya mafuta au ya sabuni huua povu, na nyuzi za kitambaa huliamsha mahali pasipotakiwa. Glasi zisuuzwe vizuri kwa maji safi na kuachwa zikauke zenyewe zikiwa zimeinamishwa. La tatu ni kwamba glasi inapaswa kuwa baridi lakini kavu. Wapo wanaopenda kuzitoa glasi kwenye friza zikiwa zimepiga ukungu mweupe wa barafu ndani na nje. Zinapendeza machoni, lakini barafu hiyo ya ndani ni mahali pengine pa kuanzishia viputo, na sehemu ya gesi hupotea kabla soda haijafika kwenye sherbeti. Kuziweka kwenye friji kwa nusu saa kunatosha.

Sherbeti ya kununua na ya kutengeneza

Hakuna aibu kununua sherbeti. Iliyotengenezwa kiwandani huwa na chembe laini za barafu kuliko ya nyumbani, na ukinunua ladha mbili nzuri utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Kinachofaa kukaguliwa dukani ni dalili za kuyeyuka na kuganda tena: boksi lenye tabaka la barafu ngumu juu, au lililobonyea upande mmoja, liachwe. Anayetaka kutengeneza mwenyewe naye hahitaji mashine. Anahitaji trei, uma na muda wa saa nne au tano za kupitapita jikoni.

Kwa sherbeti ya chungwa, chukua mililita 500 za juisi iliyokamuliwa na kuchujwa, gramu 180 za sukari, mililita 250 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, vijiko viwili vya chakula vya maji ya ndimu na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ukitaka harufu ya chungwa isikike zaidi, kwangua ganda la chungwa moja, sehemu ya rangi tu bila kufika kwenye weupe wenye uchungu, na ulisugue kwenye sukari kwa vidole mpaka sukari ipate unyevu na kubadilika rangi. Koroga sukari, chumvi na maji ya ndimu ndani ya juisi hadi usisikie mchanga chini ya kijiko, kisha weka kwenye friji mpaka mchanganyiko uwe baridi kabisa. Hapo ndipo maziwa, nayo yakiwa baridi, yanapomiminwa polepole huku ukikoroga. Asidi ya matunda hukata maziwa, na hufanya hivyo kwa kasi zaidi yakiwa ya vuguvugu. Yakiwa baridi unaweza kuona vijichembe vichache tu, ambavyo blenda huviondoa kwa sekunde chache. Kipimo hiki hutoa karibu lita moja, chenye mafuta ya maziwa karibu asilimia 1, yaani karibu na kiwango cha chini nilichokitaja hapo juu.

Onja kabla ya kugandisha. Mchanganyiko unapaswa kuonekana mtamu kupita kiasi kidogo, kwa sababu baridi hupunguza utamu unaosikika kwenye ulimi. Sukari hapa haifanyi kazi ya ladha peke yake, kwa kuwa hushusha kiwango cha joto ambacho maji huganda, na hivyo kuacha sehemu ya mchanganyiko ikiwa haijaganda hata ndani ya friza. Sehemu hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kuingia. Mtu anayeipunguza sukari kwa nusu kwa nia njema atapata tofali, na anayeiongeza sana atapata uji usioganda. Kama utamu unakukera, njia sahihi ni kuitumia sherbeti hiyo pamoja na maji ya soda yasiyo na sukari, badala ya kuharibu uwiano wake.

Matunda mengine hufuata kipimo hicho hicho kwa marekebisho madogo. Embe lililosagwa ni zito, kwa hiyo punguza sukari hadi gramu 140 hivi, ongeza maji mililita 100 na usiogope kuzidisha ndimu, maana embe bila uchachu huwa tamu la kuchosha. Stroberi na rasiberi zisagwe na kuchujwa mbegu. Kwa sherbeti ya limau au ndimu, usitumie mililita 500 za juisi tupu. Mililita 150 za juisi na 350 za maji zinatosha, na sukari ipande hadi gramu 230. Nanasi linahitaji tahadhari ya pekee. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho huvunja protini za maziwa na kuyafanya machungu baada ya muda mfupi, na friza haikiui, inakilaza tu. Dawa yake ni kuichemsha juisi ya nanasi kwa dakika chache na kuipoza kabla ya kuchanganya na maziwa, au kutumia nanasi la kopo, ambalo tayari limepitishwa kwenye moto kiwandani. Papai na kiwi vina vimeng'enya vya tabia hiyo hiyo.

Mimina mchanganyiko kwenye trei pana ya chuma, ili kina chake kisizidi sentimita tatu, na uingize kwenye friza iliyo katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Baada ya kama dakika 45 kingo zitakuwa zimeganda huku katikati kukiwa bado maji. Kwangua kingo kwa uma, uzilete katikati, uponde mabonge, kisha urudishe. Rudia kila baada ya nusu saa au zaidi kidogo, mara tatu au nne. Lengo ni kuzuia chembe za barafu zisikue, na pia kuingiza hewa. Wenye blenda yenye nguvu au mashine ya kusagia vyakula wanaweza kuacha trei igande kabisa, kuikata vipande, kuisaga mpaka iwe laini na nyeupe kidogo kuliko ilivyokuwa, kisha kuigandisha tena. Kwa kweli njia hii ndiyo inayonipa matokeo bora, ila inahitaji kufanywa kwa haraka, mafungu madogo madogo, kabla mashine haijaitia joto. Ikishaiva, sherbeti ifunikwe kwa plastiki inayogusa uso wake na kisha kwa mfuniko, kwani hunasa harufu ya samaki na vitunguu kwa wepesi wa kushangaza. Iliyotengenezwa nyumbani iliwe ndani ya wiki mbili au tatu. Baada ya hapo haiozi, bali hujaa barafu.

Madonge yachotwe siku moja kabla

Hili ndilo jambo ambalo likifanywa, shughuli nzima hubadilika. Kuchota sherbeti mbele ya wageni kumi na wawili wanaosubiri ni kazi ya kutoa jasho, na kadiri boksi linavyokaa mezani ndivyo sherbeti ya mwisho inavyokuwa supu. Siku moja kabla, toa boksi kwenye friza na uliweke kwenye friji kwa dakika kumi ili lilegee kidogo. Tandaza karatasi ya kuokea kwenye trei iliyokwisha kupozwa. Chovya kijiko cha aiskrimu kwenye maji ya moto, ukipanguse kwa kitambaa, uchote kwa kukivuta juu ya uso wa sherbeti badala ya kukichimbia ndani, na uliangushe donge kwenye karatasi. Donge la mililita 60 hivi, ambalo ni ukubwa wa limau dogo, ndilo linalofaa kwa glasi za kawaida. Trei ikijaa, irudishe kwenye friza kwa saa mbili au zaidi, na madonge yakishakuwa magumu yahamishie kwenye chombo chenye mfuniko, ukitenganisha tabaka kwa karatasi.

Faida yake si wepesi wa kugawa peke yake. Donge lililogandishwa upya huwa gumu kuliko lile linalochotwa papo hapo, na donge gumu huelea zaidi, huyeyuka polepole na hutoa povu la taratibu. Laini likiingia kwenye soda husambaratika mara moja, na glasi hugeuka maziwa yenye mapovu kabla haijamfikia mtu.

Kuchagua soda

Kanuni yangu ni moja: sherbeti ikiwa chachu, soda iwe tamu na tulivu, sherbeti ikiwa tamu, soda iwe kali au isiwe na sukari kabisa. Sherbeti ya ndimu huenda vizuri mno na soda ya tangawizi, na hata na kola, ambayo hupata uchangamfu isiokuwa nao peke yake. Ya chungwa hukaa vyema na soda ya vanila. Rasiberi hupatana na soda nyeupe ya limau, na embe hupatana na tangawizi kali. Toniki, kwa sababu ya uchungu wa kwinini iliyomo, inafaa kwa watu wazima waliochoka na vinywaji vitamu, ikiwekwa na sherbeti ya limau au ya chungwa. Nanasi nalipenda na maji ya soda peke yake.

Kiasi cha sukari nacho si cha kupuuzwa. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100, na sherbeti yenyewe ni robo sukari. Glasi yenye madonge mawili na mililita 200 za soda tamu inaweza kubeba gramu 50 za sukari kwa urahisi. Ukibadilisha soda hiyo kwa maji ya soda unaondoa gramu zipatazo 20, na kwa sherbeti yenye ladha kali hakuna atakayelalamika. Kwenye meza ya wageni ni vyema kuweka aina mbili za soda, moja tamu na moja isiyo na sukari, na kumwachia kila mtu achague.

Usichanganye ladha nyingi kwenye glasi moja. Sherbeti nyekundu na ya kijani zikiyeyuka pamoja hutoa rangi ya matope, na ladha nayo hufuata. Kuhusu krimu iliyopigwa, chokoleti ya kunyunyiza na mapambo mengine ambayo picha hutushawishi tuyarundike juu, msimamo wangu ni kwamba yanafaa zaidi kwa aiskrimu. Juu ya sherbeti krimu hufunika kile kile kilichomfanya mtu achague sherbeti. Kipande chembamba cha tunda kwenye ukingo wa glasi na jani la mnanaa vinatosha.

Kumimina

Glasi ndefu ya mililita 350 hadi 400 ndiyo inayofaa. Anza kwa soda kidogo, kina cha vidole viwili, na uiache itulie. Weka donge la kwanza kwa kuliteremsha kwa kijiko, usiliangushe kutoka juu. Povu litapanda, lisubiri lishuke nusu. Kisha weka donge la pili, uinamishe glasi kidogo, na umimine soda iliyobaki ikiteremkia ukutani mwa glasi badala ya kupiga juu ya donge. Acha kumimina ikiwa imebaki nafasi ya vidole vitatu chini ya ukingo, kwa kuwa povu litaendelea kupanda baada ya mkono wako kuacha kumimina. Linapotulia unaweza kuongeza tone la mwisho.

Wapo wanaoanza kwa madonge na kumwaga soda yote juu yake, na wapo wanaojaza soda kwanza na kuangusha donge mwishoni. Njia ya kwanza hutoa povu refu sana lakini hupoteza gesi nyingi. Ya pili huhifadhi gesi lakini donge hufurisha glasi iliyojaa. Kutanguliza soda kidogo kuna faida nyingine ambayo haionekani upesi: donge la kwanza halishikamani na kitako cha glasi, hivyo mnywaji hahangaiki kulichimbua kwa mrija.

Kila glasi ipewe mrija mpana na kijiko chenye mpini mrefu. Mrija peke yake huziba, na kijiko kifupi huzama. Chupa ya soda ifungwe barabara kila baada ya kumimina na kurudishwa penye baridi. Kwa sababu hiyo chupa ndogo nyingi ni bora kuliko kubwa chache, maana chupa kubwa iliyofunguliwa mapema huwa imekufa inapofika nusu.

Hesabu na mpangilio wa meza

Kila mgeni ahesabiwe madonge mawili na mililita 200 za soda. Lita moja ya sherbeti hutoa madonge 15 au 16, yaani glasi saba au nane, na chupa ya lita moja na nusu hutosha glasi saba. Kwa watu 20, basi, unahitaji lita 2.5 za sherbeti na lita 4 za soda kwa mzunguko wa kwanza. Ongeza theluthi moja kwa wale watakaorudi, na watarudi, hasa watoto; lita 3.5 za sherbeti na lita 5.5 au 6 za soda hazitakuangusha. Watoto wadogo wapewe donge moja kwenye glasi ndogo, na kwenye glasi zao usiweke zabibu nzima au matunda mengine ya mviringo yanayoweza kumkaba mtoto.

Madonge yatolewe mezani kwa mafungu. Bakuli la chuma lenye madonge kumi, lililowekwa ndani ya bakuli kubwa zaidi lenye barafu iliyonyunyizwa chumvi, hukaa vizuri kwa robo saa, kwani chumvi huishusha baridi ya barafu chini ya sifuri. Angalia tu maji hayo ya chumvi yasirukie kwenye sherbeti. Mtu mmoja apewe kazi ya kumimina. Wageni wakiachiwa wajihudumie wenyewe, chupa hubaki wazi na meza hugeuka ya kunata kabla ya glasi ya tano.

Mgeni asiyetumia maziwa aandaliwe sobeti, ambayo hutengenezwa kwa kipimo kile kile cha chungwa huku maziwa yakibadilishwa kwa maji au tui la nazi. Povu la sobeti ya maji ni jepesi na hufa mapema kwa kukosa protini za kulishikilia, lakini ladha yake ni safi zaidi. Kijiko chake cha kuchotea kiwe cha peke yake, hasa pale penye mtu ambaye maziwa humdhuru, wala si kwamba hayapendi tu.

Bakuli la pamoja

Wageni wakiwa wengi mno hata kumimina glasi moja moja kukawa mzigo, bakuli kubwa la pamoja ni suluhisho la heshima, mradi likubalike kuwa ni kinywaji cha aina nyingine, kisicho na ganda lile la povu lililogandishwa. Lipoze bakuli kwa saa moja. Mimina mililita 500 za juisi baridi ya tunda linalopatana na sherbeti yako, kisha lita mbili za soda ukiziteremshia ukingoni, na mwishowe madonge kama kumi, ukiyaweka kwa kupishanisha dakika chache badala ya kuyaweka yote kwa wakati mmoja. Usitumie vipande vya barafu ya maji, kwa kuwa vitakizimua kinywaji; gandisha juisi ile ile kwenye chombo cha duara siku moja kabla na uiache ielee katikati ya bakuli. Bakuli la namna hiyo hupendeza kwa dakika 20 hadi 30. Likipungua, liongezwe soda mpya iliyotoka kwenye friji pamoja na madonge mapya, si madonge peke yake.

Sherbeti iliyoyeyuka mezani isirudishwe kwenye friza ikatumike tena kama madonge, kwa kuwa itaganda kwa chembe kubwa za barafu na, ikiwa imekaa nje kwa zaidi ya saa mbili, si salama tena na imwagwe. Ile iliyoyeyuka kidogo ikiwa bado baridi inaweza kusagwa papo hapo pamoja na soda iliyokwisha kuisha gesi, ikanywewa siku hiyo hiyo na wale waliobaki kusaidia kuosha vyombo.